Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga: Tunaomba Daftari la Mafundi Ujenzi

Ndugu Mkurugenzi,

Kwetu msimu wa kujenga hufuata msimu wa kuuza. Kahawa ikishapita mnadani na mahindi yakishapimwa, fedha huingia Ukata na kata jirani kwa miezi michache tu, na kila mwenye boma anataka kupaua kabla mvua hazijaanza. Mafundi ni wale wale, kazi ni nyingi na kila mtu ana haraka. Hapo ndipo fundi mmoja anaposhika nyumba tatu kwa mpigo, akachukua malipo ya awali kote kote, na mwenye nyumba akakubali kwa sababu mawingu yanamkimbiza. Nakuandikia kuomba jambo moja: Halmashauri ifungue daftari la mafundi ujenzi katika kila kata, lisomwe na yeyote bila malipo, ili mtu amjue anayemkabidhi jasho lake la mwaka mzima.

Kwa miradi mikubwa, utaratibu wa kumjua mjenzi upo. Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, ambayo huwapanga makandarasi wa majengo katika madaraja saba, na yeyote anaweza kulitafuta jina la kampuni katika orodha ya Bodi kabla ya kusaini chochote. Utaratibu huo una mapengo yake: jengo la ghorofa lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 2013 na kuua zaidi ya watu 30, na jingine likaanguka Kariakoo Novemba 2024. Lakini angalau huko lipo jina la kuuliza. Nyumba ya vyumba vitatu ya matofali ya kuchoma huku kwetu haimvuti mkandarasi aliyesajiliwa. Inajengwa na fundi aliyejifunza kwa fundi mwenzake, na hakuna ofisi yenye kumbukumbu zake. Serikali yenyewe inamtumia fundi huyo. Madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19, yaliyoanza kujengwa mwaka 2021 kwa shilingi milioni 20 kila moja, yalitegemea sana mafundi wa kawaida. Tofauti ni kwamba penye kazi ya Serikali fundi anazungukwa na kamati ya manunuzi, kamati ya ujenzi na kamati ya mapokezi, na mhandisi wa Halmashauri anakuja kukagua. Mwananchi anayejenga kwake hana hata mmoja kati ya hao.

Tena mwananchi huyo hakosi uzoefu wa kumbukumbu. Anapopeleka kahawa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mzigo unapimwa mbele yake, kilo zinaandikwa, na anaondoka na stakabadhi. Fedha za kahawa hiyo hiyo, zikifika kwa fundi, zinahesabiwa mkononi, bila karatasi, bila shahidi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo, ila kuyathibitisha siku ya ugomvi ni kazi ngumu. Ukuta ukipasuka, mmoja atasema alinunua sementi ya kutosha, mwingine atasema aliletewa pungufu, na mtendaji wa kijiji atabaki kupima sauti za watu badala ya ushahidi.

Daftari ninaloliomba halihitaji mambo makubwa. Liwe na jina la fundi, kijiji anakotoka, cheti cha VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, kama anacho, na orodha ya nyumba alizojenga, zikiwa zimekaguliwa baada ya kupita msimu mmoja wa mvua. Sharti hili la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote. Picha ya nyumba inayorushwa kwenye makundi ya WhatsApp siku ya kukabidhi inaonyesha lipu mbichi na bati linalong'aa; haionyeshi linta iliyowekwa nondo pungufu, wala tofali lililotolewa tanurini halijaiva kwa kubania kuni, ambalo likilowa mvua linamomonyoka kwa kucha. Haionyeshi kama bati lililoezekwa ni la geji 28 iliyolipiwa au la geji 32, ambalo ni jembamba zaidi. Mvua za kuanzia Desemba hadi Aprili huyafichua mengi ya hayo, na sifa ya fundi inayotangulia mvua haina uzito. Tukumbuke pia kwamba tunaishi kando ya bonde la ufa: matetemeko ya Karonga, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Desemba 2009, na lile la Kagera Septemba 2016, yalibomoa nyumba nyingi za watu wa kawaida. Ukuta usiofungwa vizuri hausubiri tetemeko kubwa.

Daftari halilipi hasara ikitokea, na kuhusu bima nitasema machache, kwa kuwa kwa fundi wa kijijini karibu haipo. Kibarua akianguka kutoka kwenye kenchi, gharama za hospitali huwa za familia yake. Mwenye nyumba naye anaweza kujikinga kwa desturi iliyozoeleka katika mikataba ya Serikali: kushikilia sehemu ya malipo, tuseme sehemu moja ya kumi, hadi kasoro zionekane na zirekebishwe. Halmashauri ikitoa fomu ya ukurasa mmoja yenye kipengele hicho, na nyingine ya kukiri kuwa vifaa vimepokelewa, ugomvi mwingi utaisha kabla haujafika barazani.

Wapo watakaosema kijijini tunajuana, daftari la nini. Tunawajua majirani, lakini fundi wa msimu anayetoka Songea, Mbinga mjini au Mbamba Bay hatumjui, na ndiye tunayemkimbilia wenyeji wakiwa wamebanwa. Wengine watahofia wazee wenye ujuzi wasio na vyeti. Hofu hiyo ni ya haki, ndiyo maana naomba daftari litangulize kazi zilizosimama, na cheti kifuate. VETA nayo ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na Halmashauri inaweza kuwaleta wapimaji hadi kwenye kata. Pingamizi zito kuliko yote ni la mafundi wenyewe: kwamba jina likiandikwa leo, kesho litadaiwa tozo, na kwamba mteja mwenye chuki atalichafua. Kwa hilo la kwanza, tamka kwa maandishi kwamba kujiandikisha ni bure na orodha haitatumika kukusanya mapato. Kwa la pili, kila lalamiko liwe na nafasi ya jibu la fundi na saini za wote wawili, na lisiandikwe kabla afisa wa Halmashauri hajaiona nyumba. Fundi mwaminifu ndiye atakayefaidika kwanza, maana leo anashindana kwa bei na mtu anayepunguza sementi.

Ndugu Mkurugenzi, anza na kata chache, Ukata ikiwamo, na daftari liwe mezani kwa mtendaji wa kata kabla ya malipo ya kahawa ya msimu ujao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kata ya Ukata