Baraza la Chini na Ufunguo wa Hazina

Nchi nyingi zina Bunge lenye mabaraza mawili, moja likiitwa la Juu na la pili likiitwa la Chini. Huenda mtu akadhani kwamba la Chini ndilo dhaifu. Sivyo. Wajumbe wake huchaguliwa na raia wenyewe, na kwa sababu hiyo ndilo hukabidhiwa ufunguo wa hazina.

Uingereza ilijifunza jambo hilo kwa taabu. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya kuwapa wazee maskini waliotimiza miaka 70 posho ya hadi shilingi tano kwa juma, wakizipokea posta. Fedha hizo hazina budi kutoka mahali, na wakati huo huo manowari mpya zilikuwa zikijengwa. Basi mwaka 1909 Waziri wa Fedha, David Lloyd George, alileta makadirio yenye kodi mpya juu ya ardhi na mapato makubwa. Baraza la Chini likayakubali. Lakini Malodi wa Baraza la Juu, ambao wengi wao walirithi viti vyao na walikuwa na mashamba makubwa, waliyakataa kwa kura 350 dhidi ya 75.

Serikali ikawarudia wapiga kura. Mwaka 1910 ulifanywa uchaguzi mara mbili. Baada ya ule wa kwanza, Malodi waliyaachilia makadirio yapite. Kisha sheria ya mwaka 1911 ikakata shauri: Baraza la Juu lisiuzuie mswada wa fedha kupita mwezi mmoja.

Hata hivyo Baraza la Juu lina kazi yake, yaani kupima tena sheria iliyotungwa kwa haraka. Kenya ilikuwa na mabaraza mawili mwaka 1963, ikayaunganisha mwaka 1966, na Katiba ya mwaka 2010 ikayarudisha. Seneti hutetea kaunti. Bunge la Taifa ndilo huidhinisha matumizi ya Serikali kuu.

Asiyekuwapo na lake halipo. Mtu asiyekwenda kupiga kura amemwachia mwenziwe ufunguo wa hazina. Naye aliyekwenda asidhani kazi yake imekwisha: ana haki ya kumwuliza mjumbe wake, mwaka baada ya mwaka, fedha za watu zimetumikaje.