Mashauri ya Nyumbani: Bwawa la Udongo na Jirani Aliye Bondeni

Kujenga bwawa dogo shambani ni kazi njema. Mwenye bwawa hunywesha ng'ombe wake wakati wa kiangazi, humwagilia bustani, hufuga na samaki. Lakini maji yaliyozuiliwa ni mzigo mzito, na atakayeangukiwa na mzigo huo si mwenyewe peke yake, bali ni yule alalaye bondeni.

Huko Toccoa Falls, katika jimbo la Georgia, Marekani, chuo cha Biblia kilikuwa na bwawa lake, lenye tuta la udongo la kimo cha futi 40 hivi. Zamani maji yake yaliendesha mtambo wa umeme wa chuo. Mwaka 1957 mtambo ukaachwa, ziwa likabaki la kustarehesha watu tu. Kazi ya bwawa ilikwisha. Uzito wa maji haukwisha. Miti ikaota juu ya tuta. Mteremko wake wa upande wa bondeni ulikuwa mkali mno, na mwaka 1973 sehemu yake iliporomoka. Ndipo tarehe 6 Novemba 1977, saa saba na nusu ya usiku, baada ya mvua kubwa, tuta likakatika watu wakiwa usingizini. Wakafa 39, na katika hao 20 walikuwa watoto. Wachunguzi hawakuweza kutaja sababu moja. Waliona udhaifu wa namna nyingi uliokutana mahali pamoja.

Wala tusiseme kwamba hayo ni ya mbali. Tarehe 9 Mei 2018, usiku, bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka huko Solai, Nakuru, nchini Kenya, likaua watu zaidi ya 40.

Basi, mwenye bwawa yampasa nini?

Kwanza, awe na mfereji mpana kando ya tuta, wa kupitishia maji ya mafuriko. Maji yakipita juu ya tuta la udongo hulikata upesi. Kwa hiyo asiuzibe mfereji huo kwa wavu wa kuzuia samaki, wala kwa mawe ili apate maji mengi zaidi.

Pili, tuta lisisimame kama ukuta, bali literemke polepole. Lipandwe majani mafupi, si miti, kwa kuwa mizizi ikioza huacha njia ya maji. Mashimo ya fuko na panya yafukiwe na kushindiliwa.

Tatu, alikague mara kwa mara, hasa baada ya mvua. Akiona ufa, au udongo ulioporomoka, amwite fundi ajuaye mabwawa. Akiona maji yanatoka chini ya tuta yakiwa na tope, ajue udongo wa ndani unachukuliwa. Hapo asingoje asubuhi. Awaamshe watu wa bondeni wapande mlimani, kisha ndipo ashughulike na bwawa.

Nanyi walimu, wafundisheni watoto dalili hizi, maana wao hupita kando ya maji kila siku.

Torati ilimwagiza mwenye kujenga nyumba mpya aweke kizuizi pembezoni mwa dari, mtu asianguke akafa. Mwenye bwawa naye ana dari yake, na walio chini yake hawaioni. Mungu atujalie macho ya kuwaonea.