Mtambo wa Kuvunja Mawe ya Chokaa: Tuanze na Jiwe, Si na Bei

Mawe ya chokaa ni mali kubwa ya nchi yetu. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966 kwa kutegemea mawe ya namna hiyo, yaliyojengwa na matumbawe ya kale. Yakisagwa kuwa unga, mawe hayo hupunguza asidi ya mashamba. Yakivunjwa kuwa kokoto, hutumika katika ujenzi. Lakini kwanza mwamba hauna budi kuvunjwa, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Maoni yangu ni kwamba anayechagua mtambo kwa kutazama bei na ukubwa wake tu ananunua hasara.

La kwanza ni jiwe lenyewe. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, chokaa ni 3, na kwatzi, yaani madini ya mchanga mgumu, ni 7. Mashine ya taya, ambayo Mmarekani Eli Whitney Blake aliipatia hataza mwaka 1858, hubana jiwe kati ya mabamba mawili ya chuma na kulipunguza takriban mara 6. Mashine ya nyundo hulipiga kwa kasi na kulipunguza mara 20 au zaidi. Kwa chokaa safi, basi, mashine moja ya nyundo yaweza kufanya kazi ya mashine mbili za taya. Kwatzi ikizidi kiasi cha asilimia 5, nyundo hulika upesi, na taya hufaa zaidi.

Tutajuaje usafi wa jiwe? Maabara ya shule yatosha kutupa dalili. Pima gramu 10 za unga wa jiwe, utie asidi hidrokloriki iliyozimuliwa hadi mapovu ya kaboni dioksidi yakome. Chuja, osha, kausha, kisha pima masalio. Yakiwa gramu 1, asilimia 10 ya jiwe hilo si chokaa, bali ni udongo na mchanga.

La pili ni hali ya hewa. Vitabu vingi tulivyovisoma ng'ambo huonya juu ya barafu. Adui yetu ni masika, tangu Machi hadi Mei, udongo wa mfinyanzi unapoloa na kuziba mashine. Yafaa pawepo chekeche la kuondoa udongo kabla jiwe halijaingia mtamboni, pamoja na akiba ya mawe makavu chini ya paa. Joto nalo huifanya grisi kuwa nyepesi. Kwa hiyo ichaguliwe inayostahimili joto, la sivyo beringi zitakufa mapema. Tena umeme ukikatika taya zikiwa zimejaa, kwa kawaida mashine haiwezi kuwashwa upya mpaka mawe yatolewe.

La tatu ni vipuri. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mtambo wa tani 100 kwa saa, unaosimama kwa asilimia 60 ya muda ukingoja vipuri kutoka ng'ambo, hutoa wastani wa tani 40. Mtambo wa tani 60, unaofanya kazi asilimia 80 ya muda kwa sababu mabamba yake yapatikana nchini, hutoa tani 48. Mdogo umemshinda mkubwa! Rahisi ghali, walisema wahenga.

Wala tusisahau mapafu ya wafanyakazi. Vumbi lenye kwatzi huleta ugonjwa wa mapafu usioponyeka. Maji yanyunyiziwe kwa kadiri, maana yakizidi vumbi hugeuka tope na kuziba chekeche. Na pale vumbi linapotoka, mtambo ufunikwe.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kabla ya mkataba wowote kutiwa saini, muuzaji aulizwe maswali matatu: je, umelipima jiwe letu? Mtambo huu utatoa tani ngapi wakati wa masika? Na bamba likilika, nani atalitengeneza, na kwa siku ngapi? Wanafunzi wa leo ndio watakaokaa katika meza za ununuzi kesho. Walimu wawazoeze kuhesabu gharama ya kila tani inayotoka mtamboni kwa miaka yote ya kazi, badala ya kuishia kwenye bei ya siku ya kwanza.