Kijiji cha Wacken na Lugha Zidhaniwazo Kuwa Laini

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha muundo wa silabi za Kiswahili, mada ambayo kwa kawaida huwaletea wanafunzi usingizi, pale kijana mmoja aliponyosha mkono. Yeye hupiga gita katika bendi ya roki. "Mwalimu," akasema, "hiyo ndiyo sababu sisi huimba kwa Kiingereza. Kiswahili ni laini mno. Kila neno huishia kwa irabu. Ukikiimba katika hevi metali, husikika kama taarabu iliyokasirika." Darasa zima likaangua kicheko, nami sikuweza kujizuia. Hata hivyo, dai hilo halistahili kuachwa lipite hivi hivi, kwa kuwa nimelisikia pia vinywani mwa walimu, nao huwaambukiza wanafunzi. Niliamua kulijibu kwa kisa cha tamasha linalofanyika kila mwaka huko Ujerumani, katika kijiji ambacho wengi wetu hatungelijua jina lake.

Wacken ni kijiji cha wakulima katika jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa mji wa Hamburg. Wakazi wake ni kama elfu mbili hivi, na ng'ombe hawakosekani. Mnamo Agosti 1990 vijana wawili wa hapo, Thomas Jensen na Holger Hübner, waliandaa muziki wa wazi katika timbo la kokoto. Bendi zilikuwa sita, zote za Kijerumani, na mojawapo ilikuwa Skyline, aliyokuwa akiipigia Jensen mwenyewe. Watazamaji walikuwa kama mia nane. Mwaka 1992 walifaulu kuwaleta Saxon kutoka Uingereza. Miaka hiyo ya mwanzo ilikuwa na hasara zake, lakini hawakukata tamaa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya tisini watu walikuwa wakihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na katika miaka ya hivi karibuni tamasha limekuwa likiwapokea wapatao elfu themanini na tano. Hebu fikiria kijiji ambacho wageni wake wa siku nne ni zaidi ya mara arubaini ya wenyeji!

Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba kijiji hakikufukuzwa katika tamasha lake. Bendi ya tarumbeta ya wazima moto wa kijijini imekuwa ikishiriki katika ufunguzi, mbele ya vijana wenye nywele ndefu na fulana nyeusi. Wakulima hukodisha mashamba yao yawe viwanja vya mahema. Bi Sung-Hyung Cho, mtengenezaji filamu aliyezaliwa Korea, alikwenda huko akatengeneza filamu iitwayo Full Metal Village, iliyotolewa mwaka 2006 na kupata tuzo ya Max Ophüls mwaka uliofuata. Humo kamera huwakalia zaidi wazee wa kijiji na ng'ombe wao kuliko wanamuziki. Mwenyewe aliiita kwa jina la Kijerumani la filamu zihusuzo Heimat, neno ambalo "nyumbani" halilitoshelezi na "nchi ya asili" halilifikii. Labda "kwetu" ndilo lililo karibu zaidi.

Sasa turudi kwenye lugha. Schleswig-Holstein ni mojawapo ya maeneo ya Kijerumani cha Chini, ambacho wenyewe hukiita Platt, na ambacho tangu Ujerumani iidhinishe Mkataba wa Ulaya wa Lugha za Kimaeneo na za Wachache mwaka 1998 kimewekewa ulinzi rasmi. Lakini jina la tamasha ni la Kiingereza, na hata wito wake ni wa Kiingereza. Si ajabu. Bendi kubwa za Ujerumani za zama hizo, mathalani Scorpions, Accept na Helloween, ziliimba kwa Kiingereza. Hoja iliyotolewa na Wajerumani wengi kwa miaka mingi ilikuwa kwamba lugha yao haifai kwa roki kwa kuwa ni ngumu mno, ina konsonanti zinazokwama kooni. Udo Lindenberg alianza kuwaumbua wenye dai hilo mapema katika miaka ya sabini. Rammstein, waimbao kwa Kijerumani hichohicho, walipanda jukwaa la Wacken mwaka 2013, na kigugumizi cha konsonanti hakikuwazuia. Basi Kijerumani kilikataliwa kwa ugumu, nacho Kiswahili kinakataliwa kwa ulaini. Ningependa kuonyeshwa lugha iliyo katikati.

Mwaka 2004 waandalizi walianzisha mashindano ya bendi chipukizi kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 2012 mshindi alikuwa Hamferð, bendi ya Visiwa vya Faroe, iimbayo kwa Kifaroe, lugha ya watu wasiofika laki moja duniani kote. Mwaka 2019 walikuja Bloodywood kutoka India, wakichanganya Kihindi na Kipunjabi na Kiingereza. Mwaka 2022 walikuja wasichana watatu wa Voice of Baceprot, wenye kuvaa hijabu, kutoka Garut katika kisiwa cha Java. Neno "baceprot" ni la Kisunda, nalo humaanisha kelele. Aliyewatia katika njia hiyo alikuwa mwalimu wao wa ushauri katika shule ya Kiislamu. Walimu wenzangu, natumai mmelisikia hilo.

Lakini mfano unaomjibu mwanafunzi wangu moja kwa moja ni Alien Weaponry wa New Zealand, waliofika Wacken mwaka 2018 wakiwa bado hawajatimiza miaka ishirini. Wao huimba sana kwa Kimaori. Na Kimaori, msomaji, kina irabu tano: a, e, i, o, u. Silabi zake zote huishia kwa irabu. Hakina hata mfululizo wa konsonanti kama ule wa "mbwa" au "skuli". Kwa kipimo cha ulaini alichokitumia kijana wetu, Kimaori ni laini kuliko Kiswahili! Lugha hiyohiyo ndiyo ya haka, wito ambao timu za raga zinazocheza na New Zealand zinaufahamu vyema. Mmojawapo wa nyimbo za vijana hao wahusu mapigano ya Pukehinahina ya mwaka 1864, Wamaori walipokabiliana na jeshi la Waingereza.

Ukali, kwa hivyo, haumo katika irabu. Umo katika kasi, katika mkazo, katika pumzi ya mwimbaji, na zaidi ya yote katika jambo linalosemwa. Kuna watakaouliza: ikiwa mwimbaji wa metali hunguruma hata maneno yasisikike, lugha ina maana gani? Ina maana kubwa. Mngurumo huyafunika maneno, lakini hauufuti mpigo wa silabi, na mpigo huo ndio unaofuatwa na ngoma. Tena mashabiki huyasoma maneno na kuyakariri, hata wasiojua lugha yenyewe.

Swali linalonisumbua ni lile la chanzo. Vijana wawili ndugu katika Alien Weaponry walisoma katika shule ifundishayo kwa Kimaori. Shule za aina hiyo zilianza mwaka 1985, miaka mitatu baada ya vituo vya watoto wachanga vya lugha hiyo, nayo sheria ya kukifanya Kimaori lugha rasmi ikapitishwa mwaka 1987. Hakuna mzee wa Kimaori aliyekaa kikao akasema, "Tuanzishe shule ili wajukuu wetu wapige hevi metali." Waliipa lugha mahali pa kuishi, na watoto wakaichukua wakaenda nayo walikotaka. Katika miaka hiyohiyo mimi nilikuwa katika shule ya msingi nikivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Aliyekivaa alipaswa kumvizia mwenziwe akosee ili amkabidhi. Tulifundishwa mapema kwamba lugha zetu ni za kunong'onezana.

Afrika imefika Wacken pia. Overthrust wa Botswana walipiga huko mwaka 2016, nao huimba kwa Kiingereza. Siwalaumu, kufika tu kutoka Ghanzi ni safari. Hapa kwetu, vijana wawili wa Nairobi waliojiita Duma walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Uganda. Msomaji wa Kiswahili atadhani wamejiita mnyama mwenye mbio, kumbe neno lenyewe ni la Kikikuyu, nalo ni giza. Dalili hiyo ni njema.

Nisije nikamfanya msomaji aamini kwamba Wacken ni peponi. Kiingilio cha mwaka 2024 kilikuwa euro 333. Mwaka mmoja kabla, mvua ilinyesha hata viwanja vikageuka kinamasi. Waandalizi wakafunga milango, na maelfu waliokuwa na tiketi wakarudishwa njiani, huku matrekta ya wakulima yakiyakokota magari matopeni. Aidha, kampuni ya Superstruct, yenye hisa katika tamasha hilo, ilinunuliwa mwaka 2024 na KKR, shirika la uwekezaji la Marekani. Mwenye fedha wa aina hiyo hupenda bidhaa inayouzika kila mahali, na bendi ya Kifaroe si bidhaa ya namna hiyo. Nina wasiwasi kuhusu jukwaa la chipukizi kuliko nilivyo na wasiwasi kuhusu matope.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya majuma matatu na ubeti wa Kiswahili, pamoja na lalamiko jipya, lenye mashiko kuliko la kwanza. Maneno yetu ni marefu, alisema. "Nimekwishakuambia" pekee lina silabi nane, na gita halingoji. Nilimwambia kwamba nane ndiyo mizani ya kipande kizima cha shairi, na kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa aliitumia kuuchochea mji wake dhidi ya Seyyid Said, wala hakuna aliyemwambia kwamba lugha yake ni laini. Aliiazima diwani yangu. Hajairudisha, na wenzake wananiambia kwamba bendi hiyo hufanya mazoezi kila Jumamosi.