Gari la Marehemu, Jina la Mtu Mwingine



Ama baada ya kumshukuru Allah na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), juma hili nimeona niliahirishe suali la mahari nililowaahidi, kwa kuwa limenijia jambo ambalo halingojei. Jambo lenyewe ni gari. Msishangae, mama zangu. Nyinyi mtaona punde kwamba linawahusu zaidi kuliko linavyowahusu waume zenu.

Mama mmoja alikuja kwangu pamoja na kaka yake, baada ya kumaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki. Mumewe, Allah amrehemu, hakuacha shamba wala nyumba; aliacha mke, mama mzazi, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, na gari moja kuukuu lililokuwa likiilisha aila hiyo kwa kubeba watoto wa shule asubuhi na watoto wa chuo alasiri. Mjane alikuwa amepata mnunuzi wa shilingi 480,000. Mnunuzi akaja na fundi wake, fundi akafungua boneti, akasugua chuma kwa kitambaa, akasoma nambari ya injini, kisha akaomba aonyeshwe kitabu cha gari. Nambari hazikuafikiana. Kitabu kilisema gari ni jeupe, la mizigo, la petroli, lenye nafasi ya watu watatu. Gari lililosimama uwanjani lilikuwa la buluu, la dizeli, lenye mabenchi mawili marefu yaliyochomelewa sakafuni. Na jina la mwenye gari halikuwa la marehemu, wala halikuwa la yule aliyemuuzia marehemu. Lilikuwa la mtu wa tatu ambaye hakuna yeyote katika aila hiyo aliyewahi kumwona.

Mnunuzi akashuka mpaka 200,000. Akasema, na wala hakusema uongo, kwamba ananunua vyuma na matatizo.

Sasa tazameni hesabu, maana mirathi haina huruma na uzembe wetu. Tukijaalia hakuna deni wala wasia, katika 480,000 mke ana thumni, nayo ni 60,000. Mama wa marehemu ana sudusi, nayo ni 80,000. Zinabaki 340,000 kwa watoto, mwana wa kiume 170,000 na kila binti 85,000. Katika 200,000 mjane anaambulia 25,000, na binti hafiki hata 36,000. Tofauti hiyo imetoka mfukoni mwa mayatima, na aliyeitoa ni baba yao, aliyekuwa akiwapenda. Sisemi hivi kumsengenya maiti. Nasema kwa sababu walio hai wanaofanya kama alivyofanya yeye ni wengi, na baadhi yao wanausoma ukurasa huu.

Gari hilo lilinunuliwa Nakuru, likaletwa Pwani miaka mitatu iliyopita. Jamaa zetu waliohamia Marekani hutusimulia kwamba huko kila jimbo lina daftari lake la magari. Mtu akihama jimbo hupewa muda wa kulisajili gari lake upya, na baadhi ya majimbo hayamkubalii mpaka lipite kwenye ukaguzi. Mwenye gari kuukuu lililogeuzwa injini au bodi huona tabu kubwa mlangoni mwa ofisi hizo. Lakini tabu hiyo humjia akiwa hai, stakabadhi zake anazo, na aliyemuuzia bado anapokea simu. Kwetu daftari ni moja kwa nchi nzima. Gari hutoka Nakuru likafika Malindi na nambari yake ile ile, na kule kuhama peke yake hakumfanyi mtu yeyote amuulize mwenyewe kitabu kinasema nini. Basi suali hilo hubaki njiani, na mara nyingi mwulizaji wa kwanza huwa ni mauti.

Sheria yenyewe haina kificho. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humhesabu yule ambaye jina lake limo daftarini kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitike vinginevyo. Aliyenunua ana siku 14. Zikipita naye hajasajiliwa, gari hilo halifai kuwa barabarani. Tangu ilipoundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, kwa sheria ya mwaka 2012, kazi hiyo imo mikononi mwake, na siku hizi hufanywa kwa mtandao: muuzaji ndiye anayeanza, mnunuzi akakubali na kulipa. Liangalieni neno hilo, kwamba muuzaji ndiye anayeanza. Akiwa amefariki au amepotea, mnunuzi ana ufunguo wa gari lakini hana ufunguo wa daftari. Na injini ikibadilishwa, au rangi, au bodi, mabadiliko hayo nayo yanatakiwa kuandikishwa, na gari likaguliwe kabla kitabu kipya hakijatolewa.

Najua udhuru unaotolewa. Mtu husema, "Shekhe, bei ni ijabu na kabuli, nimelipa na nimelipokea, gari ni langu mbele ya Mungu." Kweli, ni lako. Fiqhi haisemi kwamba milki inangojea karatasi ya serikali. Na aliyesoma kidogo huongeza kwamba katika ile aya ya deni, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, biashara ya papo kwa papo imeondolewa katika amri ya kuandika. Hilo nalo ni kweli. Lakini huyo mwanachuoni wetu amefunga msahafu mapema, kwani aya inaendelea papo hapo kuamrisha kuweka mashahidi mnapouziana. Na katika zama zetu hizi, gari lina shahidi gani anayesikizwa na polisi, na bima, na mahakama, kuliko kitabu chake?

Wako pia wauzaji wanaojikinga kwa maneno, "Nimekuuzia kama lilivyo." Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, neno hilo haliwavushi mbali. Wanachuoni wamelikubali sharti la kujiepusha na aibu kwa mnyama, tena katika aibu ya ndani ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua, kwa sababu mnyama ana maradhi yasiyoonekana. Gari si mnyama. Anayejua kwamba injini si ile iliyoandikwa, akanyamaza, ameficha aibu, na mnunuzi akigundua ana khiyari ya kulirudisha. Ila asilale nayo khiyari hiyo; akishajua naye akaendelea kulitumia, haki yake huporomoka. Marehemu wetu, kwa nilivyoelezwa, alijua tangu mwezi wa kwanza. Akasema atashughulika baada ya Ramadhani. Zilipita Ramadhani tatu.

Na bima? Aila ilinionyesha stakabadhi ya bima ya gari la binafsi. Bima ya namna hiyo haikukusudiwa kwa anayebeba abiria kwa malipo. Lau gari lingepinduka na watoto ndani, mzazi angekwenda kudai wapi?

Hapa sina budi kusema langu. Watoto wa chuo chetu ni miongoni mwa waliopanda gari hilo. Kila siku alasiri nilikuwa nikiliona likisimama mlangoni, watoto wakiteremka na juzuu zao, nami nikimwitikia dereva salamu yake. Mabenchi yale yalikuwa ya ubavu, watoto wakitazamana, hakuna mkanda hata mmoja. Kanuni za mwaka 2003, zile ambazo watu walizipa jina la waziri Michuki na zikaanza kushurutishwa Februari 2004, ziliwafundisha hata watu wa matatu kwamba kila kiti cha abiria kina mkanda wake. Mimi nilikuwa nikiwahimiza watoto hao wasichelewe, wala sikuwahi kuinama kutazama walichokuwa wamekalia.

Tulichofanya ni hiki, nakieleza kwa kuwa kuna wengine watakaokihitaji. Kwanza kaka wa mjane aliomba taarifa za gari kutoka daftari la NTSA, akalipata jina kamili la mwenye kitabu. Alhamdulillahi, yu hai, mzee wa watu, na alistaajabu kusikia kwamba gari aliloliuza zamani bado ni lake. Amekubali kuanza kulihamisha. Lau angekuwa amefariki, ingelazimu warithi wake nao watafute hati ya mahakama, na mjane wetu angekuwa amebeba mirathi mbili kichwani. Pili, aila imekwenda kwa Kadhi, ili ijulikane kwa maandishi warithi ni nani na gari litaandikwa kwa jina la nani kwa ridhaa ya wote, akiwemo bibi yao mzaa baba, ambaye watu walikuwa wameanza kumsahau. Tatu, fundi aliyeweka injini ya dizeli amepatikana, na amekubali kutafuta stakabadhi yake. Injini isiyo na asili inayojulikana ni mashaka, huenda ikawa mali ya mtu. Nne, tulishauriana tusihangaike kuligeuza kitabuni kuwa gari la abiria. Lirudi kuwa la mizigo kama lilivyoundwa, ibaki kuandikisha injini na rangi, kisha liende kwenye ukaguzi.

Basi Jumamosi iliyopita mabenchi yaling'olewa. Nanyi mnajua hewa yetu ya chumvi inavyokula chuma. Kwa juu palikuwa na zulia safi na rangi ya buluu inayong'aa. Benchi la kushoto lilipoinuliwa, kipande cha sakafu kiliinuka nalo, tukaona mchanga wa uwanjani. Nikakumbuka kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono katika lundo la nafaka lililokuwa kavu juu, vidole vyake vikakuta maji, na mwenye nafaka akasingizia mvua. Sisi hatukuwa na wa kumuuliza. Mjane alisimama kidogo akilitazama tundu, kisha akauliza ni benchi gani alilokuwa akikalia mwanawe mdogo. Hakuna aliyemjibu.

Sakafu sasa inachomelewa upya, na mnunuzi ameambiwa kila kitu, la injini na la kutu. Hajaondoka. Amesema atangoja kitabu kipya, na bei wataizungumza ukaguzi ukishapita.

Kwa wazazi wa chuo chetu: kuanzia mwezi ujao, kila anayeleta watoto kwa gari la malipo ataombwa kitabu cha gari, cheti cha ukaguzi na bima ya kubebea abiria, na ustadhi wa zamu atalitazama gari ndani na chini. Suali la mahari tutalirudia juma lijalo, inshallah.

Wallahu aalam.