TAJIRI ASIYEAMINI ATAAMINIWA NA NANI?

Kuna neno limekuwa kama wimbo katika maduka ya Kariakoo, tangu Msimbazi hata Mtaa wa Kongo: "Vijana wa siku hizi hawaaminiki." Hulisema tajiri tasbihi i mkononi na funguo zote za duka zi kiunoni, na huyo anayemsema yumo mbele yake anapanga vitenge, mwaka wa nane sasa.

Tunauliza: hawaaminiki, au hawajaaminiwa?

Ndugu zetu, kijana huyu hufungua duka asubuhi na mapema, akaondoka usiku. Hana mkataba. Hajui faida ya robota moja. Akiugua siku tatu hupewa pole, na mahali pake hupewa mwingine. Ramadhani ikifika tajiri humpa tende na kanzu, akajiona kwamba amekwisha lipa. Hiyo ni sadaka, na sadaka haiondoi haki ya mtu! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kazi kwa juma, likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, na masharti ya kazi yawe kwa maandishi. NSSF hutaka asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu ya hiyo. Wako wasemao barazani ati haya ni mambo ya Kizungu. Subhanallah! Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana madeni. Na ujira wa mtu uliokaa mkononi mwako ni nini kama si deni?

Mwezi wa Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, wakilalamikia kamatakamata ya watoza kodi, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza. Juni 2024 wakafunga tena. Sisemi walikosea. Lakini wewe uliyetaka usikilizwe, na usionekane mwizi kabla ya ushahidi, je, yule mpanga vitenge wako amfungie nani duka?

Utasema, "Sheikh, wewe umekaa chuoni na watoto, hujaibiwa." Naam, wezi wapo. Basi mtazame Bibi Khadija, mfanyabiashara mkubwa wa Makka, alivyomkabidhi mali kijana asiye na mtaji aende nayo Sham, kwa malipo mazuri kuliko ya wenzake. Wala hakufumba macho: habari za ukweli wake zilikwisha mfikia, na akamtuma Maysara afuatane naye. Fiqhi yetu inao mlango mzima wa jambo hili, mlango wa kiradhi: huyu atoe mali, huyu atoe kazi, faida igawanywe kwa fungu walilokubaliana tangu mwanzo, na hasara imwangukie mwenye mali ila pakithibiti uzembe au khiana.

Anza na mzigo mdogo. Mfundishe daftari la hesabu, mkae mwisho wa kila mwezi mhesabu pamoja mbele ya shahidi. Akila mali, mahakama ipo.

Ila wengi wenu mnachokiogopa si wizi. Mnaogopa kijana akijua bei ya mzigo, kesho atafungua duka lake upande wa pili wa mtaa. Na afungue! Wewe mwenyewe kazi hii ulijifunza dukani kwa nani?