Upepo Hautumwi Kumhukumu Jirani Yako



Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi, kuna maneno yamezoeleka mitaani kwetu kila upepo mkali unapopita, nasi tumeona si halali kuyanyamazia. Maneno yenyewe ni haya: "Wale wamepatwa kwa maasi yao." Yanasemwa barazani, yanasambazwa kwa sauti za simu, na wakati mwingine yanasemwa juu ya mimbari. Tunasema wazi: hiyo si elimu, wala si nasaha. Ni kumsemea Mwenyezi Mungu jambo ambalo hakutuambia, na ni kumdhulumu aliyefiwa. Na mwisho wake maneno hayo yanaua, kwa sababu anayeamini kuwa upepo huchagua wenye dhambi haoni haja ya kufunga bati lake.

TULIYOYAONA

Sisi tunasomesha watoto hapa Pemba, mji wa mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji (msituchanganye na ndugu zetu wa kisiwa cha Pemba). Tarehe 25 Aprili 2019, zikiwa zimebaki siku kumi na kitu kuingia Ramadhani, Kimbunga Kenneth kiliupiga mkoa wetu. Kilikuja wiki sita tu baada ya Kimbunga Idai kuubomoa mji wa Beira. Kisiwa cha Ibo, chenye misikiti na vyuo vya tangu zamani, sehemu kubwa ya nyumba zake ziliharibika. Macomia na Quissanga nako kulikuwa kilio.

Kisha asubuhi ya Jumapili, 15 Desemba 2024, kikaja Chido. Siku moja kabla kilikuwa kimeivunja Mayotte. Kwetu kiliingia nchi kavu upande wa Mecúfi, kusini mwa mji wetu, kwa upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa. Watu wapatao 120 walipoteza maisha Msumbiji. Msimu ule ule, Januari 2025, jirani zetu wa Nampula walipigwa na Dikeledi, na Machi 2025 wakapigwa tena na Jude.

Aliyeusikia upepo ule hausahau. Kwanza bati moja lilianza kugonga kwenye papi, kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Kisha msumari ukang'oka, bati likainuka, na upepo ukapata mlango wa kuingilia. Baada ya hapo paa zima lilikwenda, kenchi na mbao zake, likapita juu ya mtaa. Minazi ililala. Kuta za miti na tope zilizokwisha kulowa zilianguka bila kishindo kikubwa, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana waliokuwa ndani hawakupata muda wa kutoka. Umeme ulikatika, simu zikakatika, na mtu hakuweza kujua kama nduguye wa mtaa wa pili yu hai.

Ulipotulia tulizunguka. Paa la msikiti lilikuwa limekwenda, na paa la baa limekwenda. Nyumba ya mama mjane anayeamka kila usiku kuswali ilikuwa chini. Nyumba ya zege ya mtu ambaye mtaa mzima unajua kuwa anakopesha kwa riba ilikuwa imesimama, hata kioo hakikupasuka. Kama upepo ule ulikuja kuhukumu, basi ilikuwa hukumu ya ajabu.

Na Ijumaa iliyofuata tukasikia mhubiri, hatutamtaja, akisema kuwa balaa limeletwa na muziki na mavazi ya wanawake wa mitaa ile iliyobomoka. Baada ya swala, mama mmoja aliyefukiwa mtoto wake na ukuta alituuliza: "Mwalimu, mwanangu alikuwa na miaka minne. Alifanya dhambi gani?" Tulimjibu kwa linalojulikana na kila mwanafunzi wa chuo: kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe. Lakini swali lile halikustahiki kuulizwa na mama aliyefiwa. Tulimlazimisha sisi, kwa ndimi zetu.

DINI INASEMAJE?

Wenye maneno haya hutuletea kisa cha kaumu ya 'Ad, walioangamizwa kwa upepo wa mikesha saba na siku nane. Kisa ni cha kweli, kimo katika Qur'ani, nasi tunakiamini. Lakini tukisome chote. 'Ad walikuwa wenye nguvu na majengo, wakitakabari na kuuliza nani aliye na nguvu kuliko wao. Walipelekewa Mtume Hud (AS), akawaonya, wakamkadhibisha. Na sisi tumejua kuwa upepo ule ulikuwa adhabu kwa sababu Mwenyezi Mungu mwenyewe ametuambia. Nani kati yetu ameteremshiwa wahyi kuhusu Mecúfi? Na 'Ad wenye majengo wanafanana vipi na familia iliyokimbia vita vilivyoanza mkoani mwetu mwaka 2017, ikajenga kibanda cha miti na turubai, kisha upepo ukakichukua na hicho?

Tumtazame Mtume (SAW) mwenyewe. Bibi Aisha (RA) amesimulia kuwa alipoona wingu zito au upepo, uso wake ulibadilika, akawa anaingia na kutoka, mpaka mvua inyeshe ndipo atulie. Alipoulizwa, alikumbusha kisa cha 'Ad. Basi angalieni: Mtume (SAW) alikitumia kisa hicho kujiogopea yeye na watu wake. Hakukitumia kumnyooshea kidole jirani. Alikataza upepo usitukanwe, na akafundisha tumuombe Mola kheri yake na tujikinge Kwake na shari yake. Leo sisi upepo hatuutukani. Tunawatukana waliopigwa nao!

Pia imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (SAW) amewahesabu miongoni mwa mashahidi mtu aliyekufa kwa kuzama na mtu aliyekufa kwa kuangukiwa na jengo. Tunawauliza wahubiri wetu: Mtume (SAW) anamwita huyu shahidi, nyinyi mnamwita muasi, kwa idhini ya nani?

Na tukumbuke tauni ya Amwas katika nchi ya Sham, zama za Sayyidna Umar (RA). Waliokufa kwa tauni ile ni pamoja na Abu Ubayda na Muadh bin Jabal (RA). Yupo Muislamu atakayesema walipatwa kwa maasi yao?

Watasema: "Lakini Qur'ani imesema kuwa misiba inatupata kwa yaliyochumwa na mikono yetu." Kweli. Lakini aya hiyo inamsemesha anayeisikia, na inamalizia kwa kusema kuwa Mwenyezi Mungu anasamehe mengi. Ni kioo cha mtu kujitazama mwenyewe. Aliyenusurika akiisoma, ajiulize alichuma nini yeye: alimwacha jirani yake alale chini ya paa bovu mwaka mzima huku yeye akijua?

NJIA YA UPEPO SI DARAJA LA UCHAMUNGU

Kenneth kilipokuwa kinakuja, ndugu zetu wa Mtwara, Tanzania, walikuwa katika hofu na maandalizi, kwani kilikadiriwa kupita karibu nao. Kikaingia kusini, kwetu. Je, watu wa Mtwara ni wema kuliko watu wa Ibo? Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na kisiwa cha Pemba kwa sehemu kubwa kikasalimika. Je, Wapemba walikuwa wachamungu zaidi? Aprili 1952 ikapigwa Lindi. Vimbunga hivi hupata nguvu juu ya bahari yenye joto na kufuata njia ya pepo kubwa zinazovisukuma. Hayo nayo ni mipango ya Mwenyezi Mungu, na ametupa akili ya kuisoma.

Na kinachoamua nani afe mara nyingi si njia ya upepo peke yake, bali ni nani ana nyumba gani na nani amepewa pa kukimbilia. Mayotte waliopigwa zaidi ni watu wa vibanda vya mabati, wengi wao Waislamu kutoka visiwa vya Komoro wasio na makaratasi. Wapo walioogopa kwenda kwenye makimbilio wakidhani ni mtego wa kuwakamata na kuwarudisha makwao. Hiyo ni dhambi, naam, lakini si ya aliyekuwa ndani ya kibanda.

FUNGA NGAMIA WAKO

Wapo wanaosema kujiandaa ni upungufu wa tawakkul. Hawa nao wasikilize. Katika safari ya Tabuk, Mtume (SAW) aliwaambia masahaba kuwa usiku ule utavuma upepo mkali, asisimame mtu yeyote, na mwenye ngamia amfunge. Upepo ulivuma, mtu mmoja akasimama, ukambeba. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Hilo lilikuwa tangazo la hatari, na pamoja nalo maelekezo ya la kufanya. Na katika usiku wa baridi, upepo na mvua, muadhini aliamrishwa kuwaambia watu waswali majumbani mwao. Adhana yenyewe iliongezewa tangazo kwa ajili ya hali ya hewa! Na Sayyidna Umar (RA) alipoizuia safari yake kuingia Sham yenye tauni, akaulizwa kama anaikimbia qadari ya Allah, alijibu kuwa anaikimbia qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tutii bendera. Hapa Msumbiji kamati za mitaa hutumia bendera tatu: buluu, kimbunga huenda kikafika ndani ya saa 24 hadi 48, njano, ndani ya saa 24, nyekundu, ndani ya saa 6. Kila msikiti utangaze rangi ya bendera kwa kipaza sauti baada ya kila swala. Kipaza sauti kinachotangaza maulidi kinaweza kutangaza kimbunga.

Pili, tufunge paa. Upepo haulibonyezi bati, unalinyanyua. Kenchi zifungwe ukutani kwa waya mzito au kamba ya chuma, na papi zifungwe kwenye kenchi, si kugongewa msumari mmoja tu. Misumari iwe mingi zaidi pembezoni na kwenye kilele, maana huko ndiko bati huanza kung'oka. Paa la pande nne hustahimili kuliko la upande mmoja. Paa la baraza lijengwe mbali na paa la nyumba, ili likichukuliwa lisiondoke na la nyumba.

Tatu, tufundishe watoto kuhusu jicho la kimbunga. Upepo unaweza kukoma ghafla, anga likafunguka, watu wakatoka kuokota mabati. Baadaye unarudi kutoka upande wa pili kwa nguvu ile ile. Wengi hudhurika hapo.

Nne, msikiti wenye kuta imara ufunguliwe kwa kila mtu kabla ya bendera nyekundu, Muislamu na asiyekuwa Muislamu, mwenye vitambulisho na asiye navyo, na asiulizwe mtu amevaa nini.

Tano, fedha. Kamati zetu hukusanya kwa ajili ya marumaru na zulia, na hatusemi ni haramu. Lakini kununua waya na misumari kwa nyumba ya mjane na yatima, kabla ya mwezi wa Novemba msimu unapoanza, ni sadaka ambayo matunda yake yanahesabika kwa roho za watu.

KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Enyi wazazi, mtoto akiuliza kwa nini nyumba ya rafiki yake imeanguka, msimjibu kuwa baba yake rafiki haswali. Mtakuwa mmemfundisha mambo mawili mabaya: kuwadharau wenye msiba na kujiona salama. Mwambieni kuwa ni mtihani, kwa aliyeangukiwa na kwa tuliobaki, na kwamba mtihani wetu sisi ni kumjengea.

Nanyi wanafunzi wetu, mkiletewa sauti katika simu inayosema mji fulani umeadhibiwa, msiisambaze. Muulizeni aliyeituma: umejuaje? Kisha mchukueni, mwende naye kushika nyundo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SW) awarehemu waliokufa na awaandike miongoni mwa mashahidi, awape subira waliofiwa, awarudishie makazi waliobomolewa, na azilinde ndimi zetu zisiongeze msiba juu ya msiba. Amin.

Wabillahi tawfiq.